Bakuli la Baba

Kila jioni, kabla ya kijiko kugusa chakula, Sook Mun alipaswa kuwakaribisha wakubwa mmoja mmoja. "Bibi, karibu chakula. Baba, karibu chakula. Mama, karibu chakula." Ndivyo walivyolelewa watoto wote wa kijiji kile cha wakulima wa mabalungi, chini ya majabali meupe nje kidogo ya mji wa Ipoh, na mtoto aliyemruka hata mtu mmoja aliambiwa hana adabu. Zamani Mun aliyasema maneno hayo haraka haraka, macho yake yakiwa yameshafika kwenye sahani ya samaki. Siku hizi, akifika kwa Baba, alisita.

Baba yake, mzee Foong, alikuwa na uvimbe nyuma ya pua. Nyumbani hakuna aliyeutaja ugonjwa huo kwa jina. Walisema tu "kitu kile". Kila siku ya kazi alikwenda hospitali ya mjini kupigwa mionzi. Alilazwa juu ya meza, akafunikwa uso kwa barakoa ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa sura yake mwenyewe, kisha barakoa ikabanwa kwenye meza ili kichwa kisitikisike hata kidogo. Mwanzoni alirudi akitania kwamba sasa ana nyuso mbili, na ile ya plastiki haina mikunjo. Baadaye utani ulikwisha. Vidonda vilimjaa mdomoni, kuanzia kwenye midomo mpaka kooni, na hata mate aliyameza huku amefumba macho.

Bibi alijua sababu, au alidhani anajua. Mionzi ni moto, alisema, na moto umemwingia mwanawe mwilini. Kwa hiyo jikoni kulipikwa vitu vya kupoza tu: uji mweupe wa mchele, na chai chungu ya majani iliyochemka tangu asubuhi. Kuku, mayai na samaki alivipiga marufuku, maana tangu enzi za mama yake ilijulikana kwamba vyakula hivyo huamsha sumu ya uvimbe. Mama, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha biskuti na kurudi amechoka, hakuthubutu kubishana na mama mkwe wake.

Kipimo cha Bibi kilikuwa bakuli. Katika nyumba ile bakuli halikurudi jikoni na punje ya mchele, na msichana aliyeacha punje alitishiwa kwamba ataolewa na mwanamume mwenye uso wa makovu. Bakuli la Baba likirudi jeupe, Bibi alilinyanyua kwenye mwanga, akaliangalia, akasema mwanawe anapona. Nalo lilirudi jeupe kila siku. Aliyelisafisha ni Mun.

Ilianza mchana mmoja Mun alipotoka shule. Baba hakupenda kutazamwa akila, kwa hiyo aliwekewa chakula uani, kando ya pipa la maji, na Mun akaambiwa akae naye. Baba alionja kijiko kimoja. Machozi yalimtoka, naye hakuwa mtu wa kulia. Akalisukuma bakuli upande wa Mun.

"Nisaidie, mwanangu."

"Hutaki, Baba?"

"Nataka sana. Uji haupiti." Aliuvuta mdomo wa chini kidogo, na Mun akaona ndani palivyochubuka, pekundu na peupe. Akageuza uso. "Sasa sikiliza. Bibi yako akijua siwezi kula, atasema mionzi ndiyo inayoniua, atanipeleka kwa mganga wa hekaluni. Na hospitali wakijua nimedhoofika, watanisimamishia tiba. Hii ni yetu wawili tu. Umenielewa?"

Mun alielewa kitu kimoja: tiba ikisimama, Baba atakufa. Akala uji ule mpaka punje ya mwisho. Ulikuwa baridi na hauna chumvi, na kila kijiko alichokimeza alijiona kama mwizi.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Mun alikula uji wa Baba uani, kisha jioni akala chakula chake mezani ili asishukiwe. Mwili hauna siri. Shuleni rafiki yake Pui Yee, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alimshika mashavu mbele ya darasa.

"Mashavu haya umeyaazima wapi, Mun? Ukimaliza kuyatumia nipe na mimi, niwapelekee ndugu zangu wakachezee mpira."

Darasa zima likacheka, na Mun akacheka nao. Halafu akaenda chooni, akajifungia na kulia. Yeye ananenepa na baba yake anakwisha. Kilichokuwa kikiondoka kwa Baba kilikuwa kikimwingia yeye, hivyo ndivyo alivyoona, na wazo hilo lilimtia hofu kiasi kwamba hakuweza kumwambia mtu yeyote.

Alianza kumchunguza Baba kwa macho ya wasiwasi. Mkanda wa suruali Baba aliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Akipanda ngazi mbili za mlangoni alisimama kupumzika. Akisinzia kitini, Mun alinyata mpaka karibu yake kuhakikisha kifua kinapanda na kushuka. Asubuhi moja alimwona akitia mikasi miwili ya kupogolea miti kwenye mifuko ya ndani ya koti. Baba alipogundua anatazamwa, alicheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Leo ni siku ya mizani, alieleza, na wauguzi humruhusu kupimwa akiwa na koti kwa sababu wodi ile ina baridi. Mun hakucheka. Usiku na mchana alikuwa na jambo moja tu kichwani: Baba atakufa, na yeye atakuwa amemsaidia kufa. Lakini ahadi ni ahadi, na mtoto hamvunjii baba yake heshima. Akanyamaza.

Shule zilipofungwa, Bibi alitaka kwenda kuona kwa macho yake huko hospitali wanamfanya nini mwanawe, na Mun akaenda nao. Waliketi nje ya chumba cha mionzi, Bibi akiwa na chupa yake ya chai chungu mapajani. Baba aliingia. Kwa kawaida hakukaa sana ndani, lakini mara hii mlango ulifunguka mapema mno. Fundi wa mionzi alimtoa Baba akiwa amemshika mkono, akamwita muuguzi anayeitwa Sista Leong, wakanong'ona.

Sista Leong alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Aliwaketisha wote katika chumba chake kidogo na kuwaeleza kilichotokea. Barakoa imempwaya mgonjwa. Ilifinyangwa kwa uso wenye nyama. Sasa uso umekonda, na kichwa kinacheza ndani yake. Mionzi hulengwa kwa makini sana, na kichwa kikisogea, itapiga mahali pasipostahili na kuuacha uvimbe. Leo hawawezi kumtibu.

"Unakula, mzee Foong?" akauliza.

"Ninakula," alisema Baba, sauti ikikwaruza.

"Anakula vizuri," Bibi akadakia. "Bakuli linarudi jeupe kila siku. Mimi mwenyewe naliangalia."

Sista alikunja uso. Alimwomba Baba avue koti, naye akasita, kisha akalivua. Lilipowekwa juu ya meza lilitoa mlio wa chuma. Sista akatia mkono mfukoni, akatoa mkasi mmoja, akatoa wa pili, akaiweka mezani. Kisha akampandisha Baba kwenye mizani. Aliposoma, uso wake ulibadilika.

"Nitakwambia ukweli," alisema Sista. "Mtu anayekula akashiba na bado anakonda hivi, tutasema mwili unaikataa tiba, au uvimbe umesambaa. Itabidi daktari asimamishe mionzi tumpime upya, na vipimo huchukua muda. Uvimbe ukiachwa nusu njia, hupata nafasi ya kukua tena. Kwa hiyo nauliza mara ya mwisho. Anakula?"

Baba alimtazama Mun na kutikisa kichwa taratibu. Mun alimwelewa. Akifungua kinywa atakuwa amemsaliti baba yake mbele ya watu. Akikifunga, watatafuta ugonjwa ambao haupo na kuuacha ule uliopo.

"Hali," alisema Mun. "Ninakula mimi."

Ndipo maneno yakamtoka yote kwa pamoja: vidonda, uji, uani, mkanda, mganga, ahadi. Alilia huku anasema, kamasi zinamtoka, hakujali. Bibi alimgeukia, uso umemsawijika.

"Umekula chakula cha baba yako? Mgonjwa? Wewe mtoto una moyo wa namna gani?"

"Mwache, Mama," alisema Baba. "Nilimwomba mimi." Akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Sista Leong hakumlaumu mtu. Alichukua kurunzi, akamwambia Baba afungue kinywa kadiri awezavyo, akatazama kwa muda mrefu. Alipomaliza, alionekana kupata ahueni. Hivi ni vidonda vya mionzi, alisema, tena vimeingiwa na fangasi. Karibu kila anayetibiwa shingoni na usoni huvipata. Vinatisha, vinauma, lakini vina dawa. Kisichokuwa na dawa ni kidonda kilichofichwa.

Alimpa Baba dawa ya maji ya kusukutua ili kutia ganzi, na wakasubiri kidogo. Huku wakisubiri alimweleza kila kitu, naye Mun akasikiliza kwa masikio yote. Kinywa kisukutuliwe mara kwa mara, hasa kabla na baada ya kula, kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na soda ya kupikia. Mswaki uwe laini kama wa mtoto mdogo. Mabalungi, pilipili na vitu vya moto viachwe kabisa kwa sasa, na dawa za kusukutua za dukani zenye kileo pia, maana zinachoma. Chakula kiwe laini, kimepoa, kidogo kidogo mara nyingi. Na kiwe na nguvu: mayai, kuku, samaki, mafuta kidogo. Ikishindikana, watampitishia mrija puani mpaka vidonda vipone, wala si aibu.

Aliposikia mayai na kuku, Bibi aliinuka. "Wewe ni mtoto wa watu wetu, unajua vizuri. Vitu hivyo ni sumu kwa mwenye uvimbe."

"Mama yangu nyumbani anasema hayo hayo, Bibi," alijibu Sista kwa upole. "Nikuulize. Jirani yako akipasuliwa tumbo, mnampelekea nini?"

"Supu ya haruan, bila shaka. Samaki yule wa matopeni hufunga kidonda. Kila mtu anajua."

"Kwa hiyo kidonda cha kisu mnakilisha samaki."

"Ndiyo."

"Na mwanao ana vidonda kinywa kizima. Vitafungwa na nini? Uji mtupu hauna cha kujengea nyama. Na usipompa, mwili utakula misuli yake wenyewe. Umeiona mizani."

Bibi alibaki amesimama na chupa yake mkononi. Alimtazama mwanawe ambaye shingo yake ilikuwa imebaki mishipa, akaitazama ile mikasi mezani. Hatimaye akakaa. Hakusema kwamba ameshindwa, maana hakuwahi kulisema hilo tangu azaliwe. Aliuliza tu kama haruan asagwe laini au achujwe.

Hospitali ilimfinyangia Baba barakoa mpya, na mionzi ikaendelea baada ya kukatika kwa muda mfupi. Hofu haikuondoka siku moja. Kuna siku dawa ya ganzi ilishindwa, na Baba akaacha yai lililopikwa kwa mvuke baada ya vijiko viwili. Mun alipomwona ameacha, moyo ulimdunda kama zamani. Lakini sasa Baba alisema, "Leo inauma sana, siwezi," kwa sauti, mbele ya wote. Mama alimpigia Sista Leong simu, dawa ikabadilishwa, na Bibi akarudi jikoni na bakuli lenye yai bila kunung'unika, akalipasha, akalilainisha kwa supu, akarudi nalo. Mizani iliacha kushuka. Baadaye, mionzi ilipokwisha, vidonda vilikauka kimoja kimoja. Daktari alisema watamfuatilia kwa miaka, lakini uvimbe umenywea.

Asubuhi moja Baba alimwita Mun wakazungukie shamba lao la mabalungi. Alitembea polepole, akasimama mara mbili kupumua, na mara zote Mun alisimama naye. Baba alimwambia kwamba siku ile hospitalini alikasirika, na kwamba hasira ile ilimwondoka alipokuwa bado ameketi kwenye kiti kile.

"Nilidhani kuficha maumivu ni uanaume," alisema. "Kumbe nilikuwa nimemtwisha mtoto mzigo wangu, na nikaita huo utii. Mtu asiyesema anapoumia, hakuna wa kumtibu. Na siri inayommaliza mtu haina heshima ya kutunzwa, Mun. Mtu mzima akikuomba umfichie maumivu yake, mkatalie, ukamwambie mwenye uwezo wa kusaidia."

"Hata akiwa wewe, Baba?"

"Hasa akiwa mimi," alisema Baba, akamshika bega, wakaendelea kutembea.