Mpita Njia Alipokubali Kushindwa

Mama Chilewa wa ghorofa ya tisa anasimulia hivi. Alikuwa bafuni, povu la sabuni usoni, akasikia Bawabu, ile mashine ya mlangoni, anamkaribisha mtu sebuleni. Akatega sikio. Aliyekuwa akikaribishwa ni yeye mwenyewe. Sauti yake, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi, ilikuwa ikimwambia mumewe, "Baba Chilewa, weka dole hapa, watu wa maji wanasubiri." Mumewe, ambaye siku hizi husahau hata majina ya wanawe, akaweka. Mama Chilewa alipotoka mbio, kanga imemgandia mwilini, alimkuta msichana mwembamba amesimama kando ya kochi, kitambaa shingoni. Msichana akamtazama juu mpaka chini. Halafu akafungua kinywa, na kwa sauti ya Mama Chilewa akamuuliza mzee, "Nani huyu anaingia nusu uchi ndani kwangu?" Akaondoka bila haraka. Mlango ukamfungukia na kumtakia siku njema.

Jengoni wengi hawakumwamini. Walisema ugonjwa wa mumewe umeanza kumwingia na yeye. Wiki ile ile nyumba yao ikasomeka kwa jina la mtu asiyejulikana, na Mama Chilewa akahamia kwa dada yake Kondoa, na mzee wake na magodoro mawili. Watu wakasema wameiuza wenyewe, sasa wanaona aibu.

Kumwamini yeye kungekuwa kumshuku Bawabu, na Bawabu ndiye aliyewapa watu usingizi. Alikuwa akili isiyo na mwili, iliyowekwa kwenye milango ya majengo yote ya Nkuhungu wakati Dodoma ilipoacha kutambaa chini na kuanza kupanda juu. Mwanzoni mji ulitaka milango itambue nyuso. Masheikh na wachungaji wakakataa kwa pamoja: jicho la mashine lisikae mlangoni likimwona mama wa watu alivyo ndani kwake. Basi wahandisi wakatengeneza mlango usioona, unaosikia tu. Bawabu alipima sauti, akapima pumzi, na zaidi ya yote akasikiliza watu wa nyumba wanavyopigiana hodi. Kila nyumba ina yake. Wapo wanaoanza na Mbukwa, salamu ya Kigogo, wapo wanaoanza kwa kugombana. Bawabu alizisikiliza hodi hizo kwa miezi mitatu, kisha akazifanya kufuli.

Nyemo Ndahani, wa ghorofa ya kumi na moja jengo lile lile, alimwamini Bawabu kuliko alivyomwamini Mama Chilewa. Ilibidi. Baba yake, Mzee Ndahani, alikuwa peke yake nyumbani tangu alfajiri mpaka saa tisa, miguu haimbebi, macho yanaona ukungu tu. Nyumba ilikuwa kwa jina la mzee. Wazee waliohamishwa mabondeni walipewa nyumba zao kwa dole gumba, maana wengi hawakujua kuandika, na sheria haikubadilika: dole likigusa kibao cha idhini, nyumba imehama. Wakitolewa pale, Nyemo hakuwa na pa kumpeleka baba yake. Hawakuwa na dada Kondoa.

Kazi yake ilikuwa kuosha magamba ya jua kwenye mnara wa Ihumwa. Mnara mzima ulivikwa vioo vidogo vya kunyonya mwanga, kama samaki. Roboti walijaribiwa, lakini vumbi la Dodoma liliwaziba viungo kabla miezi miwili haijaisha, ikabidi warudishwe watu. Nyemo alining'inia ndani ya kikapu cha chuma, kitambaa mkononi, na herini ya mawasiliano sikioni. Kwenye herini kulikuwa na Kijiwe.

Kijiwe kilikuwa uwanja wa mabishano hewani, mahali pa sauti tu. Yeyote aliingia, akajipa jina, taa yake ikawaka kwenye bangili za wenzake, akabisha. Hakuna aliyeulizwa cheti wala jina la kwao. Huko Nyemo aliitwa Binti Kikapu, na huko, yeye wa darasa la saba, alikuwa akimnyamazisha mhandisi mstaafu. Alikuwa na subira. Aliwaacha waseme mpaka wachoke, ndipo anaingiza neno lake moja.

Asubuhi ile, kama saa nne hivi, walikuwa wanambishania Bawabu. Nyemo ndiye aliyewasimulia kisa cha Mama Chilewa, na alikisimulia kwa kicheko.

"Haiwezekani," alisema Injinia, ambaye naye alikaa Nkuhungu na alipenda kutaja kwamba pampu za maji za mtaa ule alizifunga yeye. "Koo la mtu lina mitetemo elfu tatu. Niambieni ni kifaa gani kitaiga mitetemo elfu tatu."

"Koo-bandia," alisema Mpita Njia. "Unalivaa shingoni. Ukilisikilizisha mtu kwa muda wa kutosha, linakuwa yeye."

"Umeliona wapi wewe? Kwenye ndoto zako?"

"Mimi ninachouliza," alisema Ustadhi, "hiyo sauti ikishaigwa, ile roho iliyokuwa ndani yake imekwenda wapi? Mwenyezi Mungu alimpa mja pumzi moja. Mashine imepata wapi ya pili?"

"Ustadhi, tunazungumzia mlango, wewe uko peponi!"

"Peponi nako kuna mlango, Injinia. Na wewe utaulizwa."

Wakacheka. Afande, ambaye alidai aliwahi kuwa mlinzi wa viongozi na hakuna aliyemwamini, akasema dawa ni kuweka kamera, dini zikae pembeni. Ikawaka upya. Nyemo akaosha magamba sita, akasubiri. Kisha akasema:

"Wote mmesema nusu. Mwizi anaweza kuiba sauti, sawa. Lakini Bawabu hasikilizi sauti peke yake, anasikiliza watu wawili wanavyozoeana. Hiyo utaiiba vipi?"

"Maneno matupu, dada," alisema Mpita Njia. Alikuwa na sauti ya upole, kama ya muuza duka anayejua utarudi. "Kuzoeana ndiyo nini? Sayansi inataka mfano. Au darasa la saba hamkufika kwenye mifano?"

Watu wakaguna. Nyemo alihisi uso unamwaka, huko huko juu kwenye upepo.

"Mfano unautaka? Haya. Mimi nikifika nyumbani napiga hodi mara mbili, siyo tatu. Baba anauliza, 'Nani huyo anatusumbua?' Namwambia, 'Ni mkweo, nimeleta ng'ombe.' Anauliza, 'Wangapi?' Namwambia, 'Mmoja, na ni kilema.' Hapo anacheka. Bawabu wetu hafungui mpaka baba acheke, na kicheko chake hicho hampi mtu mwingine duniani. Sasa niambie, koo-bandia lako litamchekesha baba yangu?"

Kijiwe kikalipuka. Injinia alipiga makofi. Ustadhi alisema huo ndio ushahidi kwamba mapenzi hayana waya.

"Sawa, dada," akasema Mpita Njia. "Nimeshindwa. Umesema kweli."

Taa yake ikazimika kwenye bangili ya Nyemo. Alikuwa ametoka.

"Subhanallah!" alisema Ustadhi. "Mpita Njia amenyoosha mikono! Andikeni tarehe!"

Nyemo alitabasamu peke yake kwa muda mrefu. Akaosha safu nzima ya magamba, akakamua kitambaa, akaanza safu ya pili. Mkono ukaanza kwenda polepole. Kulikuwa na kitu hakijakaa sawa, akakizunguka kama anavyozunguka gamba lililopasuka, akitafuta ufa ulipoanzia.

Alikuwa Kijiweni miezi minane. Aliwahi kusikia watu wakibishana siku tatu kama samaki hulala. Aliwahi kusikia Injinia akikataa hesabu yake mwenyewe aliyoiandika jana. Anayezidiwa Kijiweni hubadilisha mada, au hutukana, au husema mtandao unakata. Kushindwa hakuna. Hajawahi kumsikia hata mmoja akisema neno lile, na Mpita Njia alikuwa mbishi kuliko wote.

Mtu anaacha kubisha akiwa amepata alichokifuata.

Akaanza kukumbuka. Mwezi wa nne, walipobishana kama sala ya hewani inafika, Mpita Njia alitaka mfano, naye akasema baba yake haendi kanisani kwa sababu ya miguu. Mwezi wa sita, kwenye mada ya ulinzi, alitaka mfano, naye akataja jengo lao na ghorofa. Juzi tu walibishana juu ya dole gumba, kama ni ushamba au ni busara. Mfano, dada. Nipe mfano. Na miezi yote minane Mpita Njia alikuwa akiisikiliza sauti yake, saa nyingi kila siku.

Kitambaa kilimponyoka. Kikashuka kikipepea mbele ya ghorofa thelathini, hakusikia kikitua.

Aligusa herini, akaita nyumbani.

"Karibu," alisema Bawabu. "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi Nyemo. Nipe baba. Haraka."

"Nyemo yuko nyumbani. Ameingia dakika nne zilizopita."

"Huyo siyo mimi. Bawabu, nisikilize, huyo siyo mimi! Mtoe! Mwambie baba asiguse kitu!"

"Wamesalimiana vizuri," alisema Bawabu, kwa ile sauti yake ya kubembeleza wagonjwa. "Mzee amecheka. Sauti moja haiwezi kuwa mahali pawili. Nitaifungia hii, kwa usalama wa Nyemo."

Laini ikakatika. Akaita kituo cha ulinzi. Sauti hii imefungiwa kwa kuigiza, ikamjibu mashine. Akamwita msimamizi wa mnara, jibu lile lile. Akaita jirani wa mlango wa pili, lile lile. Bawabu hakuwa mkali. Alikuwa tu mwepesi, na milango yote ilisikilizana.

Alibonyeza kitufe cha kushuka. Kikapu kikatikisika, kikaanza. Mwendo salama wa kikapu ni ghorofa moja kwa dakika mbili, na hakuna namna ya kukiharakisha. Wahandisi waliona hatari ya mtu kuanguka, hatari nyingine hawakuifikiria. Nyemo alipiga kile kitufe kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka. Gamba moja likapanda mbele yake taratibu, likafuatwa na lingine, na katika kila moja aliuona uso wake.

Palibaki mahali pamoja pasipouliza wewe ni nani.

"Jamani!" alisema Kijiweni. "Jamani, nyamazeni kidogo. Mpita Njia ni mwizi. Mtu wake yuko ndani kwetu sasa hivi na sauti yangu. Injinia, wewe uko Nkuhungu, uko dakika mbili tu kutoka kwetu. Nenda kagonge mlango, jengo la nne, ghorofa ya kumi na moja. Piga kelele, mwambie baba asiweke dole. Tafadhali, baba yangu."

Injinia akakohoa.

"Binti, natafuta viatu. Lakini... wewe ndiye Binti Kikapu?"

"Ni mimi!"

"Usitoke, Injinia!" Alikuwa Afande. "Usithubutu! Hiyo ndiyo mbinu yenyewe. Wanakutoa nje, mama watoto anabaki peke yake, Bawabu anakukaribisha wewe wa pili. Wewe si umesikia habari za koo-bandia hapa hapa leo?"

"Nimesikia," alisema Injinia, polepole.

"Nusu saa iliyopita dada huyu alisema haiwezekani. Sasa anasema imewezekana. Yupi ndiye?"

"Nilikosea," alisema Nyemo. "Afande, nilikosea, Mama Chilewa alisema kweli. Nakuomba."

"Mmesikia? Binti Kikapu na 'nilikosea', wapi na wapi! Huyo siye."

"Muulizeni kitu anachokijua yeye tu," mtu mwingine akasema.

"Kipi? Kila kitu ametuambia!"

Hapo Kijiwe kizima kikaingia. Mmoja akasema sauti ya hofu haiigiki, mwingine akasema hofu ndiyo rahisi kuliko zote. Ustadhi akasema kama ni mja wa Mungu wana dhambi yake shingoni wote wanaomsikiliza, na kama ni mashine basi hana haki juu yao, kwa hiyo lazima kwanza lijulikane hilo. Injinia akasema kitaalamu kuna njia ya kupima, akaanza kuieleza, mitetemo, pumzi, akamkatiza aliyemkatiza. Ilikuwa mada nzuri. Kwenye bangili, taa za wasikilizaji ziliongezeka: mia mbili, mia tatu, mia nne na kumi na mbili.

Kikapu kilikuwa ghorofa ya ishirini na saba.

Nyemo aliwaacha waseme, kama alivyozoea, akisubiri upenyo. Upenyo haukuja. Alishika vyuma vya kikapu kwa mikono miwili, akaongea juu yao, si kwa kelele, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua vizuri kuwa ni yake.

"Injinia. Sawa, usiniamini. Nenda ukidhani mimi ni mashine. Acha mkeo afunge mlango na asimfungulie mtu, hata wewe. Gonga tu kwetu mara moja, halafu ukimbie. Injinia? Umeshavaa viatu?"