Kasha la Nta na Kamba ya Kabula

Minza alitumwa jambo dogo tu: akae nje ya ghala na kasha la nta mpaka bajaji ije, alifikishe uwanja wa ndege wa Mpanda kabla ofisi ya mizigo haijafungwa. Basi. Jua lilikuwa linazama, mgongoni mwanawe Kabula anaota meno na hataki kulala, na mama mtu naye hajapata usingizi tangu juzi, macho yanamuwasha kama yametiwa mchanga.

"Nakukumbusha," bosi wake Sylvanus alisema, akipiga teke pikipiki iwake. "Kasha limeshafungwa sili. Kuanzia sasa mkono wako usitoke hapo. Likishikwa na mtu mwingine, hata sili ikiwa nzima, haliaminiki tena, wanalifungua lote. Ndege inaondoka bila sisi, mteja wa nje anakwenda, na wewe kazi huna."

"Nimesikia, bosi."

Akabaki peke yake. Mkono juu ya kasha.

Kabula akalia. Akamtikisa, akazidi. Kumshusha kunataka mikono miwili, kumfunga tena kunataka miwili, na mkono mmoja una kazi...

Ndipo harufu ikaja. Moshi wa kufukuzia nyuki, na ndani yake kitu kama maziwa yaliyochacha.

"Mayu, mama mwenzangu, lete nikusaidie."

Mwanamke. Kitenge mpaka usoni. Minza hakuwa amesikia hatua zake kwenye changarawe. Akalikumbatia kasha haraka.

"Hili haliguswi, mama. Ndiyo sheria yao."

"Kasha silitaki." Sauti ya chini, ya kubembeleza. "Nakupokea mtoto. Pumua kidogo."

Na Minza, jamani, alikuwa amechoka. Amechoka mpaka kwenye mifupa. Akalegeza fundo la kanga kwa mkono mmoja, mwanamke akampokea mtoto.

Kilio kikakatika.

Palepale. Kama redio iliyozimwa.

Akafumba macho kidogo tu... Aliposhtuka, taa za bajaji zilikuwa usoni mwake, na Hilari, dereva, anamfokea.

"We Minza! Mtoto umemlaza chini kwenye vumbi, sanduku ndiyo umelikumbatia? Nyie mliosoma mpaka fomfoo mna mambo!"

"Nimempa yule mama anishikie..."

"Mama gani? Nimekuta wewe na mtoto." Hilari akatazama gizani, akapunguza sauti. "Panda twende."

Akamwokota Kabula. Mzito. Wa baridi. Anatazama tu, njia nzima.

Ofisini alikuwepo Jeniffer, mkaguzi, amezoea kumtania kwamba siku moja huo mkono utaotea kwenye kasha. Akasoma namba ya sili, ikalingana na ya kwenye karatasi. Akauliza lile swali la kila siku.

"Limetoka mkononi mwako tangu lifungwe?"

"Halijatoka."

Lilikuwa jibu la kweli. Minza alipolisema, akamtazama Kabula.

Kasha likaingia kwenye mashine. Jeniffer akalirudisha. Akalipitisha tena.

"Dada Minza... humu mmeweka nini?"

"Nta."

"Nta haijikunyati."

Minza akasogea kwenye kioo. Katikati ya vipande vya nta kulikuwa na kivuli. Kidogo. Magoti kifuani, kidole mdomoni.

"Sili ni nzima," Jeniffer alinong'ona. "Tukiikata, mzigo hausafiri. Tumsubiri Sylvanus kwanza, atakufukuza huyo."

"Kata."

"Dada..."

"Kata, nakwambia!"

Sili ikalia *ta!* Kifuniko kikainuka. Moshi ukawapiga puani.

Nta tupu.

Ila katikati palikuwa pamebonyea, bado pana joto. Na hapo palilala kamba nyeusi yenye ushanga wa bluu uliomeguka ukingoni, ile ambayo mama mkwe wake, Dorotea, alimfunga Kabula kiunoni alipozaliwa. Fundo halikuwa limefunguliwa.

Minza akapeleka mkono chini ya gauni la mtoto.

Kamba ipo.

Ushanga upo. Umemeguka palepale.

"Labda bibi yake alifunga mbili," Jeniffer alisema. Lakini alisema akiwa ameshafika mlangoni.

Kazi iliisha kesho yake. Mama mkwe anasema afadhali, mama apumzike, na mtoto mwenyewe siku hizi ametulia, halii kabisa. Minza hajamwambia kwamba meno yaliyokuwa yameanza kuchomoza hayapo, fizi ni laini kama hayajawahi kuota. Kamba ya kwenye kasha ameificha chini ya godoro. Ile ya kiunoni anaogopa kuikata.

Jioni humlaza pembeni yake, akamwekea mkono kifuani, asitoke tena mkononi mwake. Hajui amemshika nani. Uchovu ukimzidi, macho yakianza kufumba, husikia kiganja kidogo, cha baridi, kikipanda polepole na kutua juu ya kifua chake yeye.

Hapo kinatulia. Hakitoki mpaka asubuhi.

Kama cha mtu aliyeambiwa alinde mzigo mpaka wenyewe waje.