Adeer wa Alhamisi

Ramlo alikuwa mtoto wa kushuku. Mama yake alisema kwamba ukimpa kikombe cha maziwa, atakuuliza yamekamwa kwa ngamia gani. Kila asubuhi akitoka duksi, alikojifunza Kurani, alimpitia rafiki yake Fardosa, na wawili hao wakaandamana hadi shuleni kwao, ukingoni mwa mji wa Garissa, wakikwepa mbuzi na kutaniana njia nzima.

Alhamisi alasiri walikuja washauri wa kujitolea. Hawa walikuwa watu wazima wenye kazi zao mjini, waliosaidia wanafunzi wa Gredi ya Sita katika masomo na kuwapa moyo. Mwalimu Barwaqo, naibu wa mwalimu mkuu, aliwasomea wanafunzi masharti ya washauri hao gwarideni. Mshauri haketi na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Mlango hubaki wazi. Hampi mtoto zawadi, hampigii simu, wala hamtoi nje ya shule. Na hawi na siri na mtoto yeyote.

Mshauri mmoja, Abshir, alikuwa mcheshi kuliko wote. Siku yake ya kwanza alimwomba Fardosa, Ramlo akiwa kando yake, ataje abtirsi yake, yaani majina ya baba, babu na mababu wa ukoo, ambayo mtoto wa Kisomali hufundishwa kabla hajajua kufunga viatu. Fardosa akataja majina manane bila kukwama. Abshir akasikiliza, kisha akataja ya kwake. Jina lake la sita likawa lilelile la Fardosa, na la saba, na la nane.

"Basi mimi ni adeer wako," akasema. "Ndugu wa baba yako kiukoo."

Fardosa alilia kwa furaha. Baba yake, Dagane, alikuwa mtu wa Tarbaj, na alifariki binti yake akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama yake, Faduma, alimlea kwa kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Ndugu za baba walikuwa mbali na mifugo yao, na Fardosa hakuwahi kumwona hata mmoja. Sasa alikuwa na adeer, na kila aliyekutana naye alimweleza.

Kwa kuwa Abshir alikuwa mtu wa nyumbani, masharti yakaanza kulegea. Siku moja Mwalimu Barwaqo aliwakuta Abshir na Fardosa peke yao katika chumba cha vitabu, mlango umerudishwa. Alisalimia akapita zake. Nani angemwambia adeer asiketi na mtoto wa ndugu yake? Ingeonekana ni matusi.

Ramlo peke yake hakupendezwa. Alimwona Fardosa na saa mpya mkononi, boksi lake likiwa mkobani, akaambiwa imeokotwa. Saa ya kuokota inakuja na boksi lake? Alijiuliza pia kama huo ulikuwa wivu tu, na jibu halikumpendeza, maana wivu kidogo ulikuwepo. Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu alikuwa anayaona.

Alhamisi iliyofuata, Abshir alisimama kwenye dawati la Nimo, msichana wa ukoo mwingine kabisa. Ramlo aliinamia hesabu zake, lakini masikio yalikuwa kwingine. Nimo alitaja majina yake, Abshir naye akataja ya kwake, na safari hii yakakutana na ya Nimo kwenye jina la tano. Nimo akaambiwa kwamba amepata adeer.

Ramlo aliacha kuandika. Masikio yaliyozoea kuhifadhi sura za Kurani hayasahau upesi, na alikumbuka kwamba babu aliyetajwa kwa Fardosa hakuwa huyu wa leo. Mtu ana baba mmoja na babu mmoja mzaa baba. Huyu alikuwa na wawili. Tena mara zote mbili alimwacha mtoto aanze kutaja, na alipoishia mtoto, naye akaishia hapo hapo.

Njiani kurudi nyumbani alimweleza Fardosa. Ilikuwa kama kumwaga maji kwenye mafuta ya moto.

"Wewe una baba, na una adeer watatu," Fardosa alisema. "Mimi nimepata mmoja tu, na huyo pia unataka kuniondolea."

Kwa hasira akatoboa yaliyobaki. Jumamosi adeer angemchukua kwa gari lake wakaone shamba lake kando ya mto Tana, na huko angempa simu. Mama asiambiwe, kwa sababu lilikuwa jambo la kumshangaza baadaye. Ramlo akauliza nani mwingine anakwenda. Fardosa akajibu kwamba hakuna, akaharakisha hatua na kumwacha nyuma.

Usiku ule Ramlo aliogopa sana. Akisema, angempoteza rafiki. Na kama amekosea, atakuwa amemvunjia heshima mtu mzima. Lakini Jumamosi ilikuwa keshokutwa, na Fardosa angepanda gari lile peke yake.

Ijumaa asubuhi alimwendea Mwalimu Barwaqo, akasema yote kwa pumzi moja, akangoja kukemewa.

"Umefanya vizuri kuniambia," Mwalimu alisema. "Sasa mzigo huu ni wangu, si wako tena. Rudi darasani."

Kabla ya sala ya Ijumaa, Faduma na Abshir waliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na mlango ukaachwa wazi. Abshir aliingia akicheka, akawasalimia wote kwa bashasha. Faduma alimwambia amesikia kwamba wao ni jamaa, naye angependa kuisikia abtirsi yake. Abshir akasema ni vyema mtoto aitwe, ataje kwanza.

"Mtoto yuko darasani," Faduma alisema. "Leo anza wewe."

Abshir alitaja jina la baba yake, na la babu. Halafu akakohoa. Halafu akasema simu yake inalia, ingawa hakuna mwingine aliyeisikia.

Siku hiyohiyo mwalimu mkuu alimpiga marufuku kukanyaga shuleni, akapiga ripoti kwa afisa wa watoto na kwa polisi. Fardosa hakuwa amedhuriwa. Baadhi ya wazee walikuja kuomba maslaha, yaani suluhu ya wazee, mambo yaishie kwenye chai na dua. Mwalimu Barwaqo aliwashukuru kwa kufika, akawaambia kwamba suala la mtoto halimalizwi kwa chai.

Kisha akaja mbele ya Gredi ya Sita.

"Mimi nilikosea," alisema. "Niliuona mlango umerudishwa, nikaona haya kusema kwa sababu niliambiwa ni jamaa. Hata angekuwa adeer wa kweli, mlango ungepaswa kubaki wazi. Mtu mwema hachukizwi na mlango wazi. Na mtu mzima akikuambia usimwambie mama, basi hilo ndilo la kumwambia mama kwanza."

Fardosa hakumsemesha Ramlo kwa siku kadhaa. Jioni moja alimtuma mtoto wa jirani aende kumwita Ramlo aje kwao. Warsame, ndugu wa marehemu Dagane, alikuwa amepata habari kutoka kwa Faduma, na sasa alikuwa akipiga simu kutoka Tarbaj. Fardosa aliichukua simu, akataka kutoka nayo uani.

"Mwanangu, kaa hapo na mama yako," sauti ilisema. "Ongeza sauti ya simu, naye asikie."

Fardosa akaketi. Warsame akamuuliza kama anaijua abtirsi yake.

"Anza wewe," Fardosa akamjibu.

Warsame alicheka sana, akaanza. Akalipita jina la sita, akalipita la nane, akaendelea na majina ambayo Fardosa hakuwahi kuyasikia maishani, na Faduma akawa anaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka. Ramlo alisikiliza mpaka mwisho, kwa shaka kama kawaida yake, na hakupata kosa. Fardosa akamsogezea kikombe cha maziwa, naye akayanywa bila kuuliza ni ya ngamia gani.