Mkanda wa Kiti Kitupu

Kengele ya mkanda ililia ndani ya gari lisilo na mtu.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshafika katikati ya gereji, na mke wa fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda akishona ngozi ya usukani. Mumewe alikuwa amesimama nje ya mlango wa dereva, ameingiza mkono na kufungua swichi ili azijaribu taa za bluu alizozifunga chini ya milango. Taa ziliwaka vizuri. Lakini gari likaanza kulia, ting, ting, ting, na kwenye dashibodi kikawaka kile kitaa chekundu cha kumwambia abiria afunge mkanda.

"Umeweka mzigo pale kwenye kiti?" mke aliuliza.

"Hamna kitu. Sensa tu imechanganyikiwa."

Fundi huyu watu walimwita Kipimo, maana hakufunga hata skrubu bila kuipima. Gari lilikuwa la daktari wa meno, dogo kama kiatu lakini la kifahari, lile ambalo mlango wake ukifungwa husikii kishindo. Daktari alitaka lichangamke: springi fupi lilale chini, eksozi ya kunguruma, mkia juu ya buti, na viti vya michezo vinavyomkumbatia mtu mbavuni. Viti vyenyewe Kipimo alivitoa kwenye yadi ya magari yaliyopata ajali. Vilikuwa vizima, bila doa. Mwenye yadi alimsaidia kuvibeba huku akitabasamu, na mke aliposimuliwa alijiuliza ni mfanyabiashara gani anayefurahi hivyo kuona mali yake ikiondoka.

Sasa, mafundi wa mapambo ya magari wana ujanja wao. Kengele ya mkanda ikiwasumbua hawahangaiki na sensa. Huuvuta mkanda juu ya kiti kitupu, wakauchomeka kwenye kufuli lake, gari likadhani abiria amefungwa salama, likanyamaza. Ndivyo Kipimo alivyofanya. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha, akakipigapiga kiti begani, akasema, "Haya bibie, tulia. Tutasafiri pamoja."

Kengele ikanyamaza papo hapo. Mke alicheka, ingawa kitu kilimchoma kidogo. Bibie lilikuwa jina alilokuwa akiitwa yeye peke yake.

Kesho yake gari lilikuwa limeinama. Kipimo akapitisha futi yake kila pembe, akakuta upande wa abiria umeshuka kwa upana wa vidole viwili. Mke akamwuliza springi mpya zinachokaje upande mmoja. Akajibiwa kwamba kazi ya fundi ni kurekebisha, maswali ni ya polisi. Basi akazikaza springi za upande ule, akaunyanyua, gari likasimama sawa.

Ndipo ikaja harufu. Juu yake ilikuwa ya marashi, tamu mno, na chini ya marashi ilikuwa ya nywele zilizoungua. Kipimo aliingia nayo ndani ya nyumba, kwenye shati na shingoni. Mwanamke akinusa marashi yasiyo yake hafikirii majini, anafikiria mwanamke mwenzake.

Akaanza kumchunguza. Daktari alipopiga simu kuuliza gari lake, Kipimo, ambaye hakuwahi kumcheleweshea mtu kazi, alisema bado kidogo, na alipopiga tena akaambiwa vilevile, wakati mke aliona kwa macho yake kwamba kila kitu kimeshafungwa. Chakula akawa anakigusa tu. Jua likielekea kuzama alikwenda kukaa garini, vioo juu, injini kimya, midomo ikimchezacheza. Mke alipogonga kioo, alisema anaisikiliza eksozi.

"Eksozi ya gari lililozimwa?"

Alimwangalia kama mtu aliyekatizwa maongezi.

Siku moja Kipimo alipotoka kununua boliti, mke aliingia garini kutafuta hereni, kibanio, hata unywele mmoja, chochote cha kumwekea mumewe mezani. Hakupata kitu. Akaegemea kiti cha abiria ili ainuke, na ngozi ilikuwa ya moto, si moto wa jua kwa sababu gari lilikuwa kivulini tangu asubuhi, bali moto wa mtu aliyekaa muda mrefu, na chini ya mkanda ule uliofungwa palikuwa na mabonde mawili ya mapaja, na alipokuwa anayatazama, bonde moja likajaa taratibu na jingine likazama zaidi, kama mwanamke anayekunja nne ili amtazame vizuri mgeni aliyeingia bila hodi.

Alitoka kinyumenyume, akaenda kumpigia simu shangazi wa mumewe, aliyejulikana kwa kutoa majini na kwa mdomo mkali.

Shangazi alifika mchana mweupe. Alilizunguka gari, akanusa, akachungulia ndani, kisha akamgeukia Kipimo.

"Nani alimfunga mkanda?"

"Mimi, Shangazi. Kengele ilikuwa inasumbua."

"Ilikuwa inakwambia kuna mtu. Huyu alikuwa amekaa tu kitini, hana neno na yeyote, anasubiri. Wewe ukamfunga, ukamwahidi safari, halafu mkeo ndiye aje kuniita mimi?" Alishusha sauti. "Mwanangu, unamtaka aende au humtaki?"

Kipimo alikawia kujibu. Mke aliuhesabu ukimya ule, na ulimwuma kuliko marashi.

"Aende," alisema hatimaye.

"Basi umfungue kwa mkono wako. Ufungue mlango, na umwambie arudi kwao. Umenisikia? Kwao. Usimwambie shuka tu. Akishuka bila kuambiwa pa kwenda, atamfuata aliyemshusha."

Shangazi akamshika mke mkono wakarudi nyuma mpaka ukutani. Kipimo akaufungua mlango wa abiria na kuinama ndani, mgongo wake ukaziba kila kitu. Kufuli la mkanda likalia, ta! Walimsikia akinong'ona, maneno mengi kuliko yaliyohitajika, laini, ya chini, na hakuna hata moja lililowafikia, na kabla hajamaliza harufu ya nywele zilizoungua ikawapita usoni kama upepo wa jikoni, springi zikalia kwa mkwaruzo mrefu, na upande wa abiria ukapanda, ukapanda, mpaka gari likabaki limeinamia kwa dereva.

"Ameshuka," shangazi alisema.

"Ulimwambia aende kwao?" mke alimwuliza mumewe.

"Si umeona mwenyewe gari lilivyonyanyuka?"

Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na mke alitaka sana kulipokea tabasamu lile. Alitangulia ndani kuandaa chakula. Akasikia hatua za mumewe zikija, zikasimama kizingitini. Akageuka.

Kipimo alikuwa ameshaingia. Amejibana ukutani, mkono mmoja umeushikilia mlango wazi, macho yakisogea polepole kutoka nje kuja ndani, akisubiri kwa adabu mtu apite.