Bakuli la Supu Al Nahda

Swafiya alimgonga kijana mmoja mguu kwa toroli katika supamaketi ya Al Muraqqabat, Dubai, Ijumaa moja watu wamejaa pomoni.

"Wallahi sikukuona, kaka!" akasema, akiuweka sawa mtandio wake wa samawati, udi ukimnukia.

"Nyabo, bibie, mtu mrefu hivi hukumuona? Sema tu unatafuta mchumba."

Akacheka asitake. Jamaa alikuwa Mganda, Zedekiya, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, mpishi wa hoteli ya Wajapani. "Tunapika tambi za supu," alisema, na siku hiyo Swafiya hakuuliza zaidi.

Mapenzi yakamkolea binti wa Mombasa. Kila jioni simu, miezi ikapita.

"Umekula, habibti?"

"Nitakula ukiniletea."

Zedekiya aliahidi kusilimu, kisha aende kumposa. Swafiya akamdokezea mamake, na mama akaanza kuulizia bei za mapambo.

Ndipo homa ikamlaza. Zedekiya akaleta supu ya kuku mpaka Al Nahda alikoishi Swafiya, akaiacha kwa mlinzi wa jengo. Swafiya akainywa yote. Joha, aliyeishi naye chumba kimoja, aliporudi kazini akaliona bakuli lenye nembo ya ile hoteli ya Wajapani.

"Swafiya! Hawa si ndio wanaosifika kwa kuchemsha mifupa ya nguruwe mpaka supu iwe nyeupe pe?"

Swafiya akakimbilia chooni, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Kisha akapiga simu.

"Zede, umeninywesha nini?"

"Kuku, mpenzi! Wa halali, nimempika nyumbani, sufuria mpya. Bakuli tu ni la kazini, na halijatumika. Sikuwa na chombo chenye mfuniko."

"Na huko kazini unachemsha nguruwe?"

"Ndiyo. Niliogopa utanikimbia. Naacha kazi, Swafiya. Kesho naacha."

Alimwamini kuhusu kuku. Lakini miezi yote hiyo alikuwa akimuuliza leo mmepika nini, naye akijibu supu tu. Akiacha kazi, kafeel, mdhamini wake wa kazi, atamfutia viza, arudi kwao mikono mitupu kwa ajili yake. Na hata wakioana, kila sahani ambayo Zede atampakulia, moyo wa Swafiya utauliza ni nini hiki. Alimpenda mno, na hakuona pa kupitia.

"Usiache kazi, Zede," akasema. "Niache mimi."

"Swafiya, naapa ni kuku!"

"Najua ni kuku."

Akakata simu, akalia kilio cha mfiwa, Joha akimsugua mgongo na kujuta kufungua mdomo wake.