Doa Lililofutwa

Jumatatu, saa tatu asubuhi, askari mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Kachero aliweka picha mbili za kichwa cha dada yake juu ya meza ya hospitali. Ya Machi ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Ya Novemba ilikuwa na uvimbe mkubwa kama yai. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Lakini dada hakuficha kitu. Maskini, aliwahi mapema, akalala ndani ya mashine ya sumaku, akaambiwa ni mzima.

"Nilisoma nilicholetewa," daktari wa picha alisema. "Hebu itazame mwenyewe. Kuna nini hapo?"

Kweli, hapakuwa na kitu. Kachero akaenda kwa fundi wa mashine.

"Siku ile ya Machi dada yangu alikuwa na kikohozi. Alitulia?"

"Thubutu! Alikohoa mwanzo mwisho. Mgonjwa akitikisika, picha inaingia vivuli, mistari mistari."

"Mbona hii haina hata mmoja?"

"Tunapiga mbio siku hizi, mzee. Dakika tisa badala ya arobaini. Kompyuta ya Mkuu wa kitengo ndiyo inasafisha vivuli. Dakika moja, kwisha."

Kachero alikagua kumbukumbu za mashine. Picha ilikamilika saa 4:19. Ilihifadhiwa saa 4:52. Akamchukua fundi, wakaingia kwa Mkuu bila kubisha hodi.

"Dakika thelathini na tatu ulikuwa unafanya nini na kichwa cha dada yangu?"

Mkuu alivua miwani. "Programu ilisafisha, likabaki doa. Dogo, kama harage. Lilikaa palepale panapoangukia kivuli cha jicho, mgonjwa akilichezesha. Nikalifuta kwa mkono."

"Kivuli na ugonjwa mnavitofautishaje?"

Fundi ndiye aliyejibu. "Unabadili upande ambao mashine inasomea kichwa, unapiga tena. Kivuli kinahama, uvimbe hauhami. Dakika tano tu, bosi."

"Foleni ilikuwa watu mia nne!" Mkuu alifoka. "Walikuwa wanakufa wakingoja zamu! Ilibidi nithibitishe kuwa dakika tisa zinatosha."

"Ulijua lini kuwa umekosea?"

"Wiki ya pili. Niliifungua tena ile ya mwanzo, kabla ya kusafishwa. Vivuli huja kwa safu. Lile doa lilikuwa peke yake."

"Na simu yake unayo kwenye faili."

"Ningempigia, mashine ingezuiwa. Nikasema labda... labda halikui."

Kachero alitamani kumkaba koo. Wiki ya pili, harage lilikuwa bado harage, na daktari wa upasuaji angelitoa.

Saa nane polisi walimchukua Mkuu. Saa tisa Kachero alikaa kando ya kitanda cha dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimweleza yote, taratibu, maana kwa ule uvimbe maneno yalikuwa yameanza kumpotea dada.

"Umemshika kweli, mdogo wangu?"

"Nimemshika, dada. Amekiri."

Dada alitabasamu, akamfinya kidole. "Afadhali. Kwa hiyo sasa nitapona?"