Shangazi Alinizuia Kupimwa kwa Jina la Yesu

Nina umri wa miaka kumi na tisa, nimesoma hadi darasa la saba, kwetu ni Mabawe, wilayani Ngara. Mimi ni mtu wa aibu. Hata shikamoo naitoa kwa sauti ndogo hadi wazee wanadhani nimewadharau. Lakini leo nina hasira, ndugu wasomaji, na kuificha nimeshindwa!

Wakimbizi walikuwa wameanza kumiminika kwetu nilipoota uvimbe shingoni. Nikapelekwa Dar es Salaam, wakasema ni saratani. Nilichomwa sindano zilizoninyonyoa nywele zote, nikatapika hadi nyongo... Uvimbe ukaisha. Daktari akafurahi, ila akanionya: baada ya miezi sita niende Mwanza kupigwa picha ya kifua, kwani ugonjwa huu hurudi kimyakimya.

Wazazi wangu walishafariki. Aliyenilea ni shangazi, dada yake baba, kiongozi wa kikundi cha maombi. Niliporudi alinisimamisha kanisani nitoe ushuhuda. Nikasema maneno mawili matatu, watu wakalia. Tangu hapo akanizungusha vijiji vya Ntobeye na Kibimba, hadi kwenye mikutano ya injili karibu na kambi ya wakimbizi. Mimi nasimama, yeye anasema. Wakaniita Mtoto wa Muujiza.

Wakati wa kipimo ulipofika, akabadilika.

"Ulishashuhudia madhabahuni kwamba umepona," akaniambia. "Leo unakwenda kumpima Mungu? Unataka watu waseme tuliwadanganya?"

 Lakini moyoni nilijiuliza: ni Mungu gani anayeogopa picha?

Nilimweleza Mama Daforoza, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akija kutulimia ili apate ndizi. Mwanawe alipotelea njiani wakati wakikimbia. Alinijibu akiwa bado ameinama na jembe.

"Mwanangu, kila siku namwomba Mungu Eriki wangu awe hai. Na kila wakibandika picha za watoto waliopotea, naenda kuangalia. Nikibaki kibandani nikisema naamini, nani atanitambulia mtoto?"

Ndiye aliyenitafutia usafiri. Mabasi yalikuwa yakitekwa kwenye pori la Biharamulo, lakini malori yaliyoleta chakula kambini yalirudi Mwanza kwa msafara na askari. Dereva mmoja Msukuma, Masanja, alikubali kunichukua Jumatatu kwenye njia panda.

"Magunia matupu hayana hadithi," akanitania. "Wewe utanipigia hadithi hadi Mwanza!"

Nikacheka. Mimi, nisiye na maneno!

Jumatatu nilikaa njia panda na kifurushi changu. Malori yakapita... la Masanja sikuliona. Jua likapanda, likashuka. Nilirudi nyumbani nikilia, nimejaa vumbi, nikimlaani yule dereva.

Miezi mitatu baadaye nikakutana naye sokoni. Ndiye aliyekuwa na hasira!

"We binti, kumbe upo? Shangazi yako alisikia habari kambini, akanifuata alfajiri tulikolala. Akasema umeponywa kabisa, safari huitaki tena. Nikaondoka na msafara wa kwanza. Tena akaniombea na mimi!"

Miezi mitatu! Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akijua alichonifanyia! Alinitazama nikikohoa, akaniambia ni vumbi la malori!

Jumapili akaniita mbele nishuhudie. Safari hii nilisema mwenyewe.

"Namshukuru Mungu aliyeniponya. Mungu huyo haogopi kipimo. Shangazi ndiye anayekiogopa. Alimdanganya dereva ili nisiende."

"Kaa chini!" akafoka.

Sikukaa. Nilitoka nje, na kesho yake nikapanda lori la Masanja.

Picha ilionyesha uvimbe kifuani. Daktari akaniuliza kwa nini nilichelewa. Ningemjibu nini? Kwamba aliyenizuia nisije huku ndiye aliyenifuta kamasi nikiwa mtoto? 

Sasa nimelazwa, sindano zimeanza upya, nywele zinabaki kwenye mto. Na shangazi amenitumia salamu... eti ugonjwa umerudi kwa sababu nilikosa imani! Imani! Nililala peke yangu chini ya mashine ile ya picha, chumba kina baridi, nikisali kimoyomoyo nisitetemeke. Yeye alikuwa wapi? Alikuwa akilinda sifa yake!

Namwombea. Kumsamehe bado sijaweza.

Ndugu zangu mliougua kama mimi, mkitoka hospitali shukuruni, pigeni hata vigelegele. Lakini siku ya kipimo ikifika, nendeni! Msikubali mtu awaambie kwamba kupimwa ni dhambi. Na wewe unayemzuia mgonjwa ili heshima yako isipungue, tafadhali acha. Heshima yako haitapasuliwa, haitachomwa sindano. Atakayechomwa ni yeye!

Sindano hizi zikiisha, nitapigwa picha nyingine. Naogopa... naogopa sana. Nitasali mlangoni, halafu nitaingia.